Farasi Mmoja

Fundi Singano alikuja Jumanne na ngazi ya kuazima,
akapima chumba kwa futi, kisha kwa macho,
kisha akanyamaza kama daktari.
"Hapa," akasema, "farasi mmoja atatosha."
Nikadhani ananitania. Ngamiani hii, Barabara ya Kumi na Tatu,
nimfunge wapi farasi?

Akaandika nyuma ya karatasi ya maandazi:
mashine, laki tisa na nusu, ya mtumba lakini nzima;
bomba la shaba, mita nne;
waya mnene, na swichi yake peke yake,
maana huyu hali sahani moja na wenzake;
vyuma vya kumshikilia ukutani; gesi;
na chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, ufundi.

Mume wangu alikuwa amelala.
Nasema amelala. Alikuwa amejinyoosha.
Mhina hukesha kwenye tanuri la chokaa,
hurudi saa moja asubuhi na nyusi nyeupe,
hupanda kitandani jua likipanda juu ya mabati.
Moto humkabidhi kwa moto,
kama watu wa zamu wanaotiliana saini.
Saa tano mabati huanza kulia, ka, ka.
Saa saba godoro limelowa umbo lake.
Mwezi uliopita alisinzia kazini,
hatua tatu kutoka mdomo wa tanuri.
Hakuniambia yeye. Niliambiwa na viatu.

"Lakini," akasema Singano, na hapo ndipo bei ilipoanza,
"nyumba hii haijui kufunga mdomo."
Akanionyesha matundu ya juu ya madirisha,
yale matofali ya maua
marehemu baba aliyoyafyatua kwa kalibu ya mbao
ili upepo uingie bila kubisha hodi.
"Haya yote tuzibe. Dari muweke.
Mlango huu, panya anapita amesimama.
Ubaridi ni kama siri, mama:
ukiacha tundu moja, mtaa mzima unao."

Dari niliishona mwenyewe, ya viroba vya sukari,
kisha nikaiuza cherehani iliyoishona.
Nikapokea mchezo wa Februari, zamu ya Mwanaidi,
kwa kumwongeza elfu kumi na maneno mazuri.
Kuziba matundu hakukugharimu kitu,
saruji ilikuwepo ya kaburi la baba, iliyobaki.
Singano alipachika, mimi nikampa karai,
na kila tundu lilipofungwa sauti moja ilihama nyumbani:
kengele za baiskeli,
watoto wa chuoni wakifokeana herufi,
mbuzi ya nazi ya Bi Mwanasiti,
na mwisho Bi Mwanasiti mwenyewe,
aliyeniamkia miaka ishirini na miwili kupitia tundu la tatu,
na siku hiyo akakatika katikati ya "Umeamka sal—"

Sasa farasi yuko ukutani, anakula umeme.
Mita ya LUKU iko mlangoni,
nami hupita nimeinamisha uso
kama mtu apitaye dukani kwa mdai.
Tumeafikiana: saa nne hadi saa nane,
siku za zamu tu, wageni hawahesabiwi.
Na Mhina analala. Kweli analala.
Jana alikoroma, nikasimama kizingitini kusikiliza,
sijui mkoromo mmoja ni shilingi ngapi,
sikutaka upungue hata mmoja.

Ila joto halifi. Hilo Singano hakuliandika.
Humtoka Mhina, hupita kwenye shaba,
hutokea nyuma, kichochoroni,
likapuliza ukuta wa Bi Mwanasiti.
Siku tano sikuthubutu kupita huko.
Ya sita nikaenda na bakuli la visheti
na samahani niliyoikariri usiku.
Nikamkuta ametandika mkeka mbele ya ile feni,
makopa ya muhogo safu kwa safu,
meupe, yameanza kulia yakigongana.
Hakuniangalia. Alikuwa akigeuza vipande.
"Huyo mumeo," akasema,
"mwambie asiamke kabla ya alasiri.
Haya ya upande huu bado mabichi."